Uzi: CD4 zimeshuka lakini virusi havionekani. Tusome majibu ya kinga bila kutishana

Mtu wa Sampuli (mwenye uzi)

Wakuu, salaam.

Haipiti wiki bila mtu kuingia hapa na swali lilelile: natumia dawa za VVU bila kuruka, wingi wa virusi umerudi haugunduliki, lakini CD4, zile seli za kinga, zimeshuka, je, dawa zimegoma? Chini yake wanamiminika wachangiaji. Mmoja anamwambia abadilishe dawa, mwingine anamuuzia unga, wa tatu anamtabiria kifo. Kazi yangu ni maabara na hizi sampuli ndizo ninazoshinda nazo, kwa hiyo nimeona tukae chini tulimalize jambo hili mahali pamoja. Mimi si daktari wako. Uamuzi wa dawa unabaki kliniki kwako.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubaliana nao ajipange. Ukishaanza dawa, kipimo cha kukuambia kama dawa zinafanya kazi ni wingi wa virusi. CD4 zina swali lao jingine: baada ya hasara iliyokwisha kutokea, kinga imebakiwa na nguvu kiasi gani, na je, uko kwenye hatari ya magonjwa nyemelezi? Hofu nyingi ninazozisoma humu zinatokana na kukiuliza kipimo kimoja swali la mwenzake.

CD4 yenyewe ni protini iliyo juu ya ukuta wa seli. Seli nyeupe aina ya T zinazoibeba ndizo zinazoamsha nyingine: zinachochea seli B zitengeneze kingamwili na zinazitia nguvu seli za CD8 zinazoua seli zilizoambukizwa. Tangu 1984 imejulikana kwamba VVU huitumia protini hiyohiyo kuingilia ndani ya seli. Kwa mtu mzima asiye na VVU, kiwango cha kawaida ni kati ya 500 na 1,500 kwa kila milimita ya ujazo ya damu. Angalia ukubwa wa pengo hilo. Watu wawili wazima wa afya, mmoja ana 550 na mwenzake ana 1,300, na hakuna aliye mgonjwa.

Kwa nini basi CD4 zimetukaa kichwani kiasi hiki? Kwa sababu kwa miaka mingi ndizo zilizoamua nani apewe dawa. Shirika la Afya Duniani lilianza na mpaka wa 200, likapandisha hadi 350, mwaka 2013 likafika 500, na 2015 likaufuta mpaka wenyewe: ukipimwa ukakutwa na VVU, unaanza dawa hata CD4 ziwe ngapi. Walioanza zamani walikaa miezi na miezi wakisubiri namba ishuke ndipo waruhusiwe. Mtu aliyepitia hayo huwezi kumwambia siku moja kwamba namba ile sasa haina uzito uleule akakuelewa papo hapo.

Sasa namba inavyopatikana. Mashine hupitisha seli moja moja mbele ya mwanga wa leza na kuzitambua kwa rangi zilizobandikwa juu yake. Kwa njia ya zamani, ambayo sehemu nyingine bado ipo, hesabu ni ya kuzidisha: jumla ya chembe nyeupe, mara asilimia ya limfosaiti (aina mojawapo ya chembe nyeupe), mara asilimia ya CD4 ndani ya hizo limfosaiti. Chukua mtu mwenye chembe nyeupe 5,000. Limfosaiti ni asilimia 30, sawa na 1,500. CD4 ni asilimia 30 ya hizo, sawa na 450. Baada ya muda anapata mafua, chembe nyeupe zinashuka hadi 4,000, vingine vyote vikibaki vilevile. Jibu linatoka 360. Zimepungua 90, na VVU haijahusika hata kidogo. Hapo ndipo ile asilimia ya CD4, ambayo wengi huiruka kwenye karatasi, inapokuwa na kazi. Ikibaki 30, tulia.

Mashine mpya huhesabu moja kwa moja, lakini hata zenyewe haziwezi kuzuia damu kubadilika. CD4 huwa chini zaidi mchana na hupanda jioni. Maambukizi yoyote, dawa za steroidi, mazoezi makali kabla ya kutolewa damu, vyote vinaigusa. Mjamzito damu yake huongezeka ujazo, hivyo seli zinaonekana zimepungua wakati asilimia iko palepale. Aliyeondolewa bandama huonekana ana CD4 nyingi kuliko kinga aliyonayo kweli.

Kanuni ninayopenda watu waikariri: tofauti kati ya vipimo viwili ianze kukushughulisha inapofika kama asilimia 30 ya namba ya awali, au asilimia ya CD4 ikisogea pointi 3 au zaidi. Chini ya hapo mara nyingi ni kelele za kipimo.

Karibuni na maswali. Tafadhali msiweke picha ya karatasi yenye jina lako.

Mama Wawili

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi zilikuwa 640, juzi nimeambiwa 505. Virusi chini ya 50. Nilikuwa nimetoka kuugua homa wiki mbili kabla. Asilimia naona imeandikwa 31, ya mwanzo ilikuwa 32. Sijalala tangu nipewe karatasi.

Mtu wa Sampuli

Dada, lala. Kutoka 640 hadi 505 ni upungufu wa kama asilimia 21, asilimia yenyewe imesogea pointi moja tu, na ulikuwa umetoka kuugua. Karatasi yako inasema dawa zinafanya kazi.

Kifaru Mpole

Binafsi naona mnatuficha. Kliniki kwangu walikuwa wanapima CD4 kila miezi sita, wameacha. Nikiuliza naambiwa "huhitaji". Hii si kubana matumizi tu?

Mtu wa Sampuli

Gharama zimo, siwezi kukudanganya. Lakini hata pesa zingekuwa hazina mwisho, hoja ya kitabibu ingesimama. Mtu ambaye virusi vyake vimefubaa na CD4 zake zimeshapanda vizuri, ni nadra sana zishuke kwa namna inayobadilisha matibabu wakati virusi bado viko chini. Kwa hiyo kipimo kinaleta mawili: jibu zuri ulilokwisha kulijua, au mteremko wa bahati mbaya kama wa Mama Wawili unaomkosesha mtu usingizi. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu kuacha kupima CD4 kwa walio imara, mradi wingi wa virusi unapimwa kwa ratiba.

Pale wanapoacha CD4 na wingi wa virusi nao haupimwi, hapo lalamika, na mimi nitalalamika pamoja nawe.

Kuna nyakati CD4 lazima zirudi mezani: unapoanza dawa, unaporudi baada ya kuziacha, virusi vinapopanda, au unapougua ugonjwa usioeleweka. Chini ya 200 kwa mtu mzima huhesabiwa kuwa ugonjwa umefika mbali, na hapo kuna vipimo na dawa maalumu za kuzuia magonjwa. Hata chanjo: zile zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano, hazitolewi CD4 zikiwa chini ya 200.

Shamba la Tiba

Ndugu zangu acheni kuteseka. Nina unga wa majani saba, unapandisha CD4 ndani ya wiki mbili, ushuhuda upo. Njoo inbox.

Kifaru Mpole

Nilijua utakuja.

Mtu wa Sampuli

Heri umekuja, maana swali lako ni zuri kuliko unga wako: je, kupandisha CD4 peke yake kunamsaidia mgonjwa?

Lilishajaribiwa kwa dawa inayopandisha kweli. Interleukini-2 ni kemikali ambayo mwili wenyewe huitumia kuzifanya seli T ziongezeke. Tafiti mbili kubwa, ESPRIT na SILCAAT, ziliwapa watu waliokuwa tayari kwenye dawa za VVU, zaidi ya 5,800 kwa jumla, nusu wakapata interleukini-2 juu ya dawa zao na nusu hawakupata. Matokeo yalitoka 2009. Waliochomwa CD4 zilipanda, katika ESPRIT kwa wastani wa 160 zaidi ya wenzao. Magonjwa nyemelezi hayakupungua, vifo havikupungua, na madhara makali yakaongezeka. Seli zilikuwepo kwenye hesabu, lakini mgonjwa hakulindwa zaidi ya mwenzake.

Kwa hiyo hata unga wako ungepandisha namba, na huna ushahidi kwamba unapandisha, bado ungebaki na kazi ya kuonyesha kwamba namba hiyo inazuia kitu.

Vitamini nazo zilipimwa. Dar es Salaam watu zaidi ya 3,000 walioanza dawa za VVU waligawanywa, wengine wakapewa vitamini za kiwango cha juu na wengine za kiwango cha kawaida. Za juu hazikuleta faida, na kipimo cha ini kilipanda zaidi kwao hadi utafiti ukasimamishwa kabla ya muda. Ulichapishwa 2012. Sisemi mtu asile mboga. Nasema "nyingi zaidi" si sawa na "bora zaidi".

La hatari zaidi ni hili, na nawaomba mlisome mara mbili. Wengi humu mnatumia TLD, kile kidonge kimoja chenye dawa tatu za VVU, na moja ya hizo ni dolutegravir. Dawa hii hunaswa tumboni na madini: chuma, kalsiamu, zinki, na vile vidonge vya kiungulia vyenye magnesiamu au alumini. Ukivimeza pamoja, dawa haiingii vizuri kwenye damu. Kanuni ni kumeza dolutegravir saa mbili kabla ya vitu hivyo au saa sita baada yake. Vidonge vya chuma na kalsiamu vinaweza kumezwa nayo wakati mmoja kama unakula chakula. Vya kiungulia, hapana. Sasa unga wa majani saba usio na lebo ndani yake mna nini? Hujui, nami sijui. Unaweza kujikuta unanunua kitu cha kupandisha CD4 kinachovirudisha virusi.

Ndege wa Usiku

Swali la haraka. Mwenzangu CD4 zake 900. Nikisikia 900 si ina maana hawezi kuambukiza?

Mtu wa Sampuli

Hapana. CD4 hazisemi lolote kuhusu kuambukiza. Mtu aliyeambukizwa karibuni anaweza kuwa na CD4 nyingi na virusi mamilioni. Angalia wingi wa virusi: vikiwa havigunduliki, haambukizi mwenzake kwa ngono. Utafiti wa PARTNER 2, uliochapishwa 2019, uliwafuatilia wapenzi wanaume ambao mmoja ana VVU iliyofubazwa na mwingine hana, katika ngono bila kondomu takriban mara 76,000. Maambukizi kutoka kwa mwenza: sifuri.

Jiwe Gumu

Nimesoma yote, sasa na mimi nijitokeze. Miaka sita kwenye dawa. Sijawahi kuruka. Virusi havionekani tangu mwaka wa kwanza. CD4: 170, 195, 182, 210, 188. Zimeganda. Nilianza zikiwa 22. Hapa kila mtu anafurahia kupanda, mimi najiona kama nimelaaniwa. Nikiuliza nibadilishiwe dawa naambiwa hapana.

Mtu wa Sampuli

Mkuu, asante kwa kuandika. Watu kama wewe si wachache ingawa hawaongei.

Kwanza uone ulikotoka. Kutoka 22 hadi 190 ni kupanda karibu mara tisa. Kwa wengi CD4 hupanda kwa awamu mbili. Miezi ya mwanzo zinakimbia, kwa sehemu kwa sababu seli zilizokuwa zimejificha kwenye tezi zinarudi kwenye damu. Mwaka wa kwanza ongezeko la 50 hadi 150 ni la kawaida. Baada ya hapo zinapanda polepole, kwa kutegemea seli mpya. Wewe awamu ya pili imekwama.

Sababu zinazojulikana ni kadhaa. Iliyo kubwa ni kuanza chini sana, na 22 ni chini sana. Umri una nafasi yake, kwa sababu tezi ya thaimasi, iliyo kifuani na inayozalisha seli T mpya, husinyaa kadiri mtu anavyokua. Kisha kuna makovu: miaka ya virusi kuzaliana bila kizuizi huacha nyuzi za kolajeni ndani ya tezi za limfu, mahali ambapo seli T hupata viini vya kuziweka hai. Seli zinazaliwa lakini makazi yameharibika. Virusi kufubaa hakuondoi kovu hilo kwa haraka, na wakati mwingine halitoki kabisa.

Hapo utaona kwa nini wanakukatalia kubadilisha dawa. Dawa kazi yake ni kuzuia virusi kuzaliana, na kwako vimezuiwa. Kuongeza dawa nyingine juu ya zilizopo kumejaribiwa, na CD4 hazikupanda kwa maana.

Ila daktari wako ana haki ya kuulizwa mambo haya: je, nimetafutwa kifua kikuu kilichojificha? Nimepimwa homa ya ini B na C? Kuna dawa nyingine ninayotumia inayokandamiza uboho? Zidovudini, kwa mfano, inaweza kushusha chembe za damu, na baadhi ya dawa za saratani pia. Haya ni ya kuondoa kwanza kabla ya kusema "ndivyo ulivyo".

Kisha ulinzi. Septrini, dawa ya kuzuia magonjwa nyemelezi, usiache kwa uamuzi wako mwenyewe, uliza. Dawa ya kuzuia kifua kikuu kama hujawahi kumaliza, uliza. Na sasa habari njema: hatari ya mtu mwenye CD4 190 na virusi visivyogundulika si sawa na ya mtu mwenye 190 hiyohiyo huku virusi vikizaliana. Tafiti za nimonia ya pneumosistisi zimeonyesha kwamba kwa walio kati ya 100 na 200 wenye virusi vilivyofubaa, nimonia hiyo ni adimu sana, kiasi kwamba baadhi ya miongozo inaruhusu daktari kufikiria kusimamisha dawa ya kuizuia.

Hujalaaniwa. Umechelewa kupata dawa, na sehemu kubwa ya hilo haikuwa mikononi mwako.

Jiwe Gumu

Kifua kikuu nilipimwa mwanzoni tu, miaka sita iliyopita. Ini sijui. Naandika haya maswali kwenye karatasi.

Mwalimu Mstaafu

Kijana, mimi niliwahi kupimwa hospitali moja wakaniandikia "CD4/CD8 0.4". CD4 zangu 580. Daktari hakunieleza, mimi nikaogopa kuuliza. Hiyo 0.4 ni kitu gani?

Mtu wa Sampuli

Shikamoo mzee. Ni CD4 zikigawanywa kwa CD8. Kwa asiye na VVU kwa kawaida jibu huwa juu ya 1, yaani CD4 ni nyingi kuliko CD8. VVU inapindua: CD4 zinapungua, CD8 zinafura. Ukianza dawa CD4 hupanda, lakini CD8 zinaweza kubaki juu kwa miaka. Ndiyo maana wewe una 580, namba nzuri kabisa, na uwiano bado ni 0.4. Kirusi kingine ambacho watu wazima wengi wanacho, saitomegalo, nacho huchangia kuzikuza CD8.

Uwiano huu unatuambia kwamba kinga bado ina mchemko wa chinichini, wataalamu wanauita inflamesheni. Chanzo kimoja ni utumbo. Mapema kabisa VVU huangamiza seli za CD4 zinazolinda ukuta wa utumbo, na vipande vya bakteria vinaanza kupenya kuingia kwenye damu. Hili lilielezwa vizuri mwaka 2006. Kinga inaona vipande hivyo na kubaki macho muda wote. Watafiti hupima alama zake: CD14 iliyoachiwa kwenye damu, interleukini-6, na D-dima inayohusu kuganda kwa damu.

Alama hizi zilipata umaarufu kupitia utafiti wa SMART. Watu 5,472 waligawanywa: kundi moja lilikunywa dawa mfululizo, jingine lilisimamisha CD4 zikizidi 350 na kuanza tena zikishuka chini ya 250. Januari 2006 ukasimamishwa, kwa sababu waliokuwa wakiacha na kuanza walipata magonjwa nyemelezi au kufa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Kilichoshtua ni kwamba hata maradhi ya moyo, figo na ini yaliongezeka kwao. Damu zilizohifadhiwa zilipopimwa baadaye, waliokuwa na interleukini-6 na D-dima za juu ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa ya kufa. Kwa anayefikiria "kupumzisha mwili" kwa kuacha dawa kwa sababu CD4 zimejaa, jibu lilishapatikana.

Usikimbilie kuvitafuta vipimo hivyo mzee. Ni vya utafiti, kliniki hazivitumii kuamua dawa za mtu mmoja mmoja, na hakuna kidonge cha kusahihisha uwiano. Kinachofanyika ni kupunguza hatari ya moyo, kwa sababu ndiko mchemko huo unakopiga zaidi kadiri umri unavyokwenda. Shinikizo la damu lipimwe. Sukari ipimwe. Sigara iachwe, kama ipo. Na uulize kuhusu statini, dawa za kushusha kolesteroli: utafiti wa REPRIEVE, 2023, ulichukua watu 7,769 wa miaka 40 hadi 75 wenye VVU na hatari ya moyo ya chini hadi ya wastani, na pitavastatin, statini mojawapo, ilipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35. Baadhi ya miongozo imeshabadilika kwa sababu yake.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Sigara ipo. Nimesikia.

Mama Wawili

Na watoto je? Wa dada yangu ana miaka mitatu, wameandika 900 na asilimia 19. Si 900 ni nyingi?

Mtu wa Sampuli

Kwa mtoto mdogo si nyingi. Watoto huzaliwa na CD4 nyingi mno na hushuka polepole hadi kufikia za watu wazima, ndiyo maana kwa walio chini ya miaka mitano asilimia inaaminika zaidi kuliko namba, na 19 iko chini. Isitoshe, mtoto wa umri huo mwenye VVU ambaye ndiyo kwanza anaanza matibabu huhesabiwa kuwa kwenye hatua ya hatari hata CD4 ziwe ngapi. Kama tayari yuko kwenye dawa, ulizeni wingi wa virusi vyake upo wapi.

Kifaru Mpole

Nimebadilisha mawazo kidogo, kidogo tu. Ila nina la dharura. Mdogo wangu ameanza dawa mwezi huu, CD4 zilikuwa 38. Wiki ya tatu tezi za shingo zimevimba, homa usiku, anakohoa. Anasema dawa zinamuua, anataka kuziacha. Kabla ya dawa hakuwa hivyo.

Mtu wa Sampuli

Asiziache, na arudi kliniki leo, asisubiri tarehe yake.

Hali unayoieleza inafanana na jambo linalojulikana: kinga inapoamka kutoka chini sana, inagundua ugonjwa uliokuwa umelala humo ndani na kuushambulia kwa nguvu, na mgonjwa anaonekana kuzidiwa wakati virusi vinashuka. Hutokea zaidi kwa walioanza na CD4 chache kama zake, na mshukiwa wa kwanza ni kifua kikuu. Inatibika, kwa kutibu ugonjwa huo na mara nyingine kwa steroidi, huku dawa za VVU zikiendelea kwa walio wengi. Lakini ni daktari wa kulithibitisha, kwa sababu inaweza pia kuwa kifua kikuu kipya au kitu kingine.

Aende akiwa ameshika dawa zake zote. Waulizeni kama alipimwa antijeni ya fangasi wa kriptokoka kwenye damu alipoanza. Kwa CD4 chini ya 100 kipimo hicho hakitakiwi kukosekana. Akiwa na maumivu makali ya kichwa, shingo kukakamaa, kuona maluweluwe au kuchanganyikiwa, msisubiri kliniki ifunguliwe, mpelekeni dharura.

Kifaru Mpole

Kichwa analalamika tangu jana. Tunatoka sasa hivi.

Mtu wa Sampuli

Nendeni. Waambieni CD4 38, wiki ya tatu ya dawa, kichwa tangu jana. Semeni hivyohivyo mlangoni.